Makapi ya Mama Sauti

Kila asubuhi, kabla chai haijapoa, marehemu mke wa Fundi Spika alipita barabarani akiwa juu ya pikapu ya kiwanda.

Alipita akisalimia watu. "Ndugu wananchi, habari za asubuhi. Kiwanda chenu kinawajulisha kwamba leo tanuri litawashwa. Mnaombwa kufunga milango na madirisha kwa muda mfupi. Hakuna hatari yoyote. Asanteni kwa ushirikiano wenu." Halafu pikapu ilikata kona penye duka la vipuri, sauti ikafifia, na nyuma yake likaja vumbi la saruji. Mtaani waliliita unga, jina la jikoni kabisa, na wakalizoea hivyohivyo.

Fundi Spika alikuwa akisimama mlangoni mwa karakana yake, kikombe mkononi, mpaka sauti ipotee kabisa. Dirisha lililokuwa nyuma yake lilikaa wazi siku zote. Kila mtu alimwambia alifunge, akiwemo marehemu mwenyewe kwa kipaza sauti, naye hakulifunga. Mwanamume gani, alijisemea, amfungie mkewe dirisha wakati anapita?

Jina la Mama Sauti mke huyo hakujipa mwenyewe. Kabla kiwanda hakijaja alikuwa ndiye mtangazaji wa mtaa. Mtoto akipotea, chanjo ikifika, bomba likipasuka, mtu akifariki, walimfuata yeye. Mumewe alifunga spika juu ya gari la kuazima wakazunguka pamoja, yeye akisema, mume akishikilia nyaya zisichomoke. Hakuwa na mbwembwe. Alitangaza msiba kama mtu aliyekuja kukaa ukingoni mwa kitanda chako akakwambia polepole. Ndiyo maana watu walimwamini, na ndiyo maana kiwanda kilipoanza kutafuta sauti ya kuzungumza na wananchi hakikuhangaika kwenda mbali.

Kiwanda nacho hakikuja mikono mitupu. Kilileta kazi, kikaleta lami, kikaleta wapangaji na umeme usiokatika hovyo. Nyumba za ghorofa ziliota kila upande, na kila tofali lililopanda lilitaka saruji, na kila mfuko wa saruji ulimwajiri mtoto wa mtu. Ukitaka kukisema kiwanda vibaya ilibidi kwanza uangalie nani amekaa karibu yako, maana huyo naye alikuwa na mwana, au mkwe, au mpangaji ndani yake. Unga ukaingia kwenye mifereji ya mabati, mvua ikaunyeshea, ukaganda. Bibi Ufagio, jirani wa nyumba ya mkabala, mwanamke mzee aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila ufagio, alikuwa na chungu cha maua kilichogeuka jiwe, maua na yote. Alikiacha palepale mlangoni. Alisema angalau sasa hayahitaji maji.

Mama Sauti aliondoka duniani kwa maradhi ya kifua. Daktari mmoja alisema pumu, mwingine akasema umri, na umri wenyewe hata haukuwepo. Kiwanda kilituma viti vya kukalia waombolezaji na watu wenye adabu wa kuvibeba. Baada ya mazishi, dereva wa pikapu alirudi kazini, akabonyeza kitufe kilekile alichokuwa akibonyeza siku zote, na marehemu akaanza kusalimia mtaa. Watu waliganda. Kuna aliyeangusha ndoo. Wakasubiri mtu aseme jambo, na kila mtu akamwangalia Fundi Spika, kwani mke ni wake. Fundi Spika alikuwa amesimama mlangoni, macho yamejaa maji, anatabasamu. Basi nani angezuia? Mambo yakaenda hivyo, mwaka ukapita na mwingine ukaingia, na watoto wadogo wakakua wakiamini kuna bibi anaishi ndani ya pikapu.

Binti yao hakuamini wala hakutabasamu. Alikuwa mwalimu wa chekechea, mtoto wao pekee, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu, hata baba yake alipotaka kumtania. Saa ya pikapu kupita aliingia chumba cha ndani akajifungia. Siku moja tu alimwambia baba yake, "Baba, mtu akishazikwa anaachwa apumzike." Baba yake akajibu, "Si anasalimia tu, mwanangu." Wakaliacha hapo kama watu wanaobeba kabati zito wakaliweka chini katikati ya mlango.

*

Mambo yalianza kusogea kiwanda kilipotaka kujenga tanuri la pili. Sheria ilisema lazima wananchi waulizwe. Mamlaka ya mazingira ingekuja kukaa kwenye ukumbi wa shule na kusikiliza maoni, na maoni hayo ndiyo yangeamua kama kibali kitatoka au la. Mwalimu na wazazi wa watoto wake hawakutaka kwenda na maneno matupu. Walipita nyumba kwa nyumba wakiomba jambo moja: kila nyumba iweke sahani nyeupe nje, juu ya ukuta au paa, iiache bila kuifuta mpaka siku ya kikao, kisha ije nayo. Hakuna aliyetakiwa kusema chochote. Sahani ingesema. Wengi walikubali, hata wenye watoto kiwandani, kwa sababu sahani haina jina la mtu. Bibi Ufagio alitoa sahani yake ya wageni, akaiweka kando ya chungu kilichogeuka jiwe, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akawa na kitu anachokatazwa kufagia.

Katikati ya pilika hizo Bwana Mahusiano akaja karakana. Alikuwa kijana wa mtaa huohuo aliyesoma akarudi na viatu vya kung'aa, na cheo chake kiwandani kilikuwa ni afisa mahusiano. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kutaka kila mmoja afurahi, kuanzia na bosi wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa, ila usiegemee hiyo spika, nimeifungua mgongo."

"Mzee, nimekuja kwa ajili ya kikao. Vyombo tunakutegemea wewe, kama kawaida."

"Vipo. Nitavifunga mwenyewe."

"Na tangazo. Tunaomba Mama atangaze."

Fundi Spika aliweka bisibisi chini. "Mama yupi?"

"Mama Sauti, mzee."

"Huyo tumemzika. Wewe mwenyewe ulibeba viti."

"Najua, mzee wangu, Mungu amrehemu. Lakini maneno si unayo yote kwenye kompyuta? 'Tanuri' alisema kila siku. 'La pili' alilisema kwenye lile tangazo la pili la chanjo. 'Salama' ndiyo usiseme, amelisema mpaka basi. Unayachomoa, unayaunga. Aseme tu kwamba kuna kikao, na kwamba tanuri la pili ni salama."

"Kwa nini usiseme wewe? Mdomo unao."

Bwana Mahusiano alicheka, kisha akaacha. "Mimi nikisema, wananicheka. Mama akisema, wanafunga madirisha."

Ingependeza kusimulia kwamba Fundi Spika alimtimua. Hakumtimua. Aliutazama ukuta, na kilichokuwa kikimpitia kichwani hakikuwa kiwanda wala tanuri. Tangu mkewe afariki alikuwa akimsikia akisema maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule, na pumzi ileile ndogo kabla ya neno "asanteni". Aliyajua maneno hayo kama mtu anavyozijua ngazi za nyumbani kwake gizani. Sasa mtu alikuwa ameketi mbele yake akimwambia kwamba Mama Sauti anaweza kusema kitu kipya. Mwili ulimsisimka, na aibu ikamshika kwa jinsi ulivyomsisimka.

"Njoo kesho mchana," alisema.

*

Chumba cha ndani ya karakana ndicho walichorekodia siku zote. Magodoro ya zamani yaliegemezwa kutani ili sauti isigonge na kurudi, na kiti cha Mama Sauti kilikuwa palepale mbele ya maiki, mto wake juu yake. Fundi Spika hakuwahi kukikalia. Asubuhi iliyofuata alifunga mlango, akavaa visikilizi, akaanza.

Kazi ile ina ufundi wake. Huwezi kuokota neno hapa na neno pale ukayabandika, yatasikika kama mashine ya benki. Lazima kila sentensi uipe pumzi kabla yake, kwa sababu sikio la mtu halimwamini asiyepumua. Akachukua "tanuri" kutoka asubuhi moja, "la pili" kutoka kwenye chanjo, "ni salama" kutoka siku ya bomba la maji, akazichomeka pumzi za mkewe katikati kama mtu anayeshona vifungo. Alipomaliza akasikiliza. "Ndugu wananchi, habari za asubuhi. Mnakaribishwa kwenye kikao. Tanuri la pili ni salama."

Ilikuwa yeye. Alikuwa anaongea kama mtu aliyeamka leo akanywa chai akaja kazini. Fundi Spika alirudia kusikiliza mpaka akapoteza hesabu, na hapo ndipo tamaa nyingine ilipomwingia. Kwa nini kiwanda kipate sentensi mpya na yeye asipate? Alitaka moja tu, yake. Mkewe alikuwa akimwita "baba watoto", ijapokuwa mtoto walikuwa naye mmoja, na utani huo haukumchosha mpaka mwisho. Alitaka kusikia, "Habari za asubuhi, baba watoto." Basi.

"Habari za asubuhi" ilikuwa tele. "Baba watoto" haikuwepo kwenye tangazo lolote, kwani nani atangaziwe hayo? Lakini Fundi Spika alijua ilipo. Alikuwa na mazoea ya kutotupa kitu. Fundi mwingine akikata sauti anafuta kilichokatwa. Yeye kila alichokikata alikihamishia kwenye faili moja refu aliloliita Makapi. Kila mkwaruzo wa kiti, kila neno lililokosewa, kila kikohozi, vyote vilikwenda humo kwa mpangilio wa siku zake, na hakuwahi kurudi kuvisikiliza. Alilifungua.

Mwanzoni yalikuwa mambo ya kuchekesha. Mama Sauti anakosea neno, anacheka, anasema, "Baba watoto, nimeharibu, naanza tena." Fundi Spika alicheka peke yake, machozi yakamdondoka, akaikata sentensi hiyo akaiweka pembeni. Angeweza kuishia hapo. Alichotaka alikuwa amekipata. Lakini ilikuwa sauti yake, na maneno hayo yalikuwa hayajasikika tangu siku alipoyakata, basi akaiacha iendelee.

Vikaja vikohozi. Kimoja kidogo, cha kusafisha koo, na "samahani". Kingine. Halafu viwili vimeongozana. Wakati wa kurekodi, baina ya kikohozi na kikohozi palikuwa na miezi. Hapa yote yaliyokuwa katikati yalikuwa yameondolewa kwa mkono wake mwenyewe, na vilivyobaki vilifuatana bila nafasi, kila kimoja kizito kuliko kilichotangulia, kama mtu anayepanda ngazi akielekea kwako. Kifua kilikuwa kinajaa masikioni mwake. Akasikia Mama Sauti akihema, akasikia maji yakimiminwa kwenye glasi, kisha mkewe akasema, "Hebu ngoja kwanza. Ni huu unga." Halafu kikaja kikohozi kingine, kikavu, kirefu, kilichopasuka mwishoni.

Hicho hakukikumbuka. Alirudisha nyuma kidogo ili akisikie tena, na hakikuwepo. Alivua visikilizi. Kikohozi kikaendelea.

Kilikuwa kinatoka ndani ya nyumba, upande wa pili wa ukuta wa magodoro. Mwalimu alikuwa amerudi kutoka shule. Alikohoa mpaka mwisho, akahema, na kwa sauti ileile aliyokuwa nayo mama yake, akamwambia mtu, au akajiambia mwenyewe, "Hebu ngoja kwanza."

Fundi Spika alibaki ameshika visikilizi mkononi. Ndani yavyo Makapi yalikuwa bado yanaenda, sauti ndogondogo, na katikati ya hizo akasikia sauti ya mwanamume. Ilikuwa yake, changa zaidi, ya mtu aliyeridhika na kazi yake. Akabonyeza kusimamisha kabla sentensi haijaisha.

Mlango ukagongwa. Ilikuwa mchana wa ahadi, na Bwana Mahusiano alikuwa hana tabia ya kuchelewa. Tangazo lilikuwa tayari, limeshaingia kwenye flashi, safi, halina hata mkwaruzo. Fundi Spika alimkabidhi. Alifanya hivyo kama mkono unavyofunga bomba linalovuja, kwa mazoea, na mpaka viatu vya kung'aa vilipopotea kwenye kona alikuwa bado hajafungua mdomo.

*

Kesho yake Mama Sauti alipita akisema kitu kipya.

Mtaa ulisimama. Kwa muda mrefu watu walikuwa wamemzoea kama wanavyozoea saa ya ukutani, na sasa saa ilikuwa imewaita kwa majina. Dereva mwenyewe alikuwa ametoa macho. Bibi Ufagio alisimama mlangoni pake mdomo wazi. Pikapu ilipokata kona, aliinama, akaiokota sahani yake ya wageni kando ya chungu, akaitazama, akaanza kuifuta kwa pindo la nguo.

"Bibi, unafanya nini?" Fundi Spika aliuliza kutoka ng'ambo.

"Si umemsikia mkeo? Amesema ni salama. Mimi nani nibishane na marehemu?"

"Bibi, hilo ni tangazo tu."

"Alinitangazia mume wangu alipofariki. Alinitangazia mjukuu wangu alipopotea mpaka akapatikana. Hajawahi kunidanganya hata siku moja." Akaingia ndani na sahani yake.

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma ya baba yake. Siku hiyo hakujifungia. Fundi Spika aligeuka akamkuta, na alitamani angekuta analia, kwa sababu anayelia unaweza kumshika bega.

"Umeyaunga wewe," binti alisema.

"Mwanangu, nisikilize."

"Mama alikufa akiwa hajasema neno hilo. Umemtoa huko aliko aje aliseme." Alitaka kuongeza kitu, kikohozi kikamkamata, akageuka ukutani, na alipomaliza hakuendelea. Alichukua mkoba wake akaenda kwa watoto wake. Mlango hakuubamiza. Aliufunga taratibu kama wanavyofunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Siku zilizobaki kabla ya kikao zilikuwa nzito. Nyumba baada ya nyumba, sahani zilianza kushuka kutoka kwenye kuta. Waliozitoa hawakuwa wakorofi, wengi waliona haya, wakasema watafikiria, wakasema wana kazi, wakasema si mmesikia wenyewe. Kila asubuhi Mama Sauti alipita akiwaambia tanuri la pili ni salama, na Fundi Spika, ambaye alikuwa ametamani kwa miaka kusikia mkewe akisema jambo jipya, sasa alisimama mlangoni akiomba arudie ya zamani. Na wakati mwingine, pikapu ikishapita na mtaa kunyamaza, alisikia kikohozi nyumbani na hakujua ni cha nani. Ile sentensi yake ya siri, "habari za asubuhi, baba watoto", hakuiunga. Aliogopa kwamba angemwitikia.

*

Siku ya kikao ukumbi wa shule ulijaa mpaka madirishani. Mbele walikaa watu wa mamlaka, mwenyekiti wao akiwa mama mmoja mwenye miwani na sura ya kuchoka kuahidiwa. Pembeni walikaa watu wa kiwanda. Fundi Spika alikuwa ukutani, nyuma ya meza yake ya sauti, spika huku na huku, maiki moja katikati ya ukumbi kwa ajili ya wananchi. Alikuwa ameleta kompyuta. Alijiambia ni kwa ajili ya muziki wa kukaribisha watu.

Bwana Mahusiano alizungumza vizuri. Alitaja kazi, akataja barabara, na hakuna alichotaja kilichokuwa uongo. Mwenyekiti akasema, "Sasa wananchi. Nani anaanza?"

Watu walitazama magoti yao. Wengine walikuwa wamekuja na mifuko, na ndani ya mifuko, ukiangalia vizuri, uliona duara la sahani. Kumbe hawakuzifuta zote, waliogopa tu kuwa wa kwanza kuzitoa. Bibi Ufagio alikaa mstari wa mbele, mkoba mapajani, anamtazama Fundi Spika badala ya kumtazama mwenyekiti.

Mwalimu akasimama. Alitembea mpaka kwenye maiki, akasalimia, akasema yeye ni mwalimu wa chekechea. "Watoto wangu wana mchezo," alisema. "Wanacheza kukohoa. Mmoja anaanza, mwingine anajibu. Mwanzo nilidhani ni utundu. Halafu nikaona kwamba..." Hapo kikohozi kikamshika.

Kilitoka kwenye spika zote mbili, kikagonga ukuta wa nyuma. Na mkono wa Fundi Spika, mkono uliofanya kazi hiyo miaka yote, ulishuka wenyewe kwenye kitufe ukaikata sauti.

Hakuuamuru. Hakuna fundi anayeacha kikohozi kipite kwenye spika zake. Alipoinua macho alimwona binti yake katikati ya ukumbi, ameinama, mabega yanaruka, mdomo wazi, na hasikiki. Watu walikuwa wanatazama pembeni kwa heshima. Bwana Mahusiano alimnong'oneza mwenyekiti, mwenyekiti akasema kwa upole, "Mpisheni mwalimu apumzike. Anayefuata?" Mwalimu hakumsikia. Alikuwa anamtazama baba yake. Ndivyo Mama Sauti alivyokuwa akimtazama kutoka kwenye kiti kile, mbele ya magodoro, kila alipoona kidole kinashuka.

Fundi Spika alipandisha kitufe cha maiki mpaka mwisho, kikohozi kikarudi ukumbini. Kisha akafungua kompyuta, akaunganisha waya, na akayaachia Makapi kuanzia mwanzo.

"Baba watoto, nimeharibu, naanza tena."

Ukumbi mzima ulinyanyua vichwa. Wengine walitazama mlangoni, wakidhani pikapu imefika. Mama Sauti alicheka, akakohoa, akaomba samahani. Akakohoa tena. Hakuna aliyewahi kumsikia akikohoa kwenye spika, mwanamke yule, hata siku moja. Vikohozi vikafuatana, vikapanda, vikawa vizito, na mama mmoja akamziba mtoto wake masikio, akaona haitoshi, akayaziba yake. "Hebu ngoja kwanza. Ni huu unga." Bwana Mahusiano alisimama akamwashiria azime. Fundi Spika alikuwa ameweka mikono yake nyuma ya mgongo, akiushika mmoja kwa mwingine, isije ikafanya jambo.

Akayaacha Makapi yapite pale alipokuwa ameyasimamisha.

"Baba watoto," Mama Sauti alisema kwa shida kutoka kwenye spika, "lakini haya tunayowaambia watu, hakuna hatari, hakuna nini, una hakika?"

Na sauti ya mwanamume, changa, ya mtu aliyeridhika na kazi yake, ikajibu, "Wewe soma, mke wangu. Kohoa tu usijali. Nitakata."

Makapi yaliendelea kidogo, pumzi, kiti kikikwaruza, kisha yakaisha. Hakuna aliyemtazama Fundi Spika. Hilo lilikuwa gumu kuliko kama wangemtazama.

Aliyesimama kwanza alikuwa Bibi Ufagio. Alikwenda mpaka kwenye meza ya mwenyekiti, akafungua mkoba, akatoa ile sahani ya wageni. Alikuwa ameifuta, na siku iliyofuata, hakuna ajuaye kwa nini, alikuwa ameirudisha nje. Aliigeuza juu chini ili waone, na unga uliokuwa ndani yake haukudondoka. Ulikuwa umeshaganda. Akaiweka mezani, akarudi kukaa. Mifuko ikaanza kufunguliwa. Walikwenda mmoja mmoja, wenye watoto kiwandani na wasio nao, na kwa muda mrefu hakukusikika kitu kingine ukumbini isipokuwa sahani zikiwekwa mezani, na watu ambao sasa waliona hakuna haja tena ya kujizuia, wakikohoa.

*

Mwenyekiti alisema uamuzi utatolewa baada ya maoni kupitiwa, na kwamba sahani watakwenda nazo. Nyumbani, baba na binti walikula bila kusemezana. Mwalimu alimwekea baba yake maji ya kunywa karibu na mkono, na Fundi Spika hakuthubutu kuomba zaidi ya hayo.

Asubuhi alisimama mlangoni, kikombe mkononi. Alisubiri mpaka chai ikapoa. Pikapu ilitokea, ikapita polepole, spika zake juu, na haikusema neno. Dereva aliangalia mbele tu. Ikakata kona penye duka la vipuri.

Bibi Ufagio alisimama ng'ambo, ufagio mkononi. "Leo hajasalimia," alisema.

"Hatasalimia tena, bibi."

Fundi Spika alimwaga chai iliyopoa. Hatamsikia tena asubuhi, si yeye wala mtaa. Kisha akaona, juu ya paa la duka la vipuri, unga ukija. Ulikuja uleule, wakati uleule, mweupe, bila mtu wa kuutangaza. Ndani ya nyumba binti yake alikohoa.

Aliingia ndani akafunga dirisha.